Mtu Aliyejua Kusema Tena

Mwelekezi hakuwahi kukalia kiti cha kanisa letu. Alikuja na chake. Kilikuwa kiti cha jikoni cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya, naye alikibeba begani kutoka nyumbani kwake hadi kanisani, mwendo wa robo saa kwa miguu, jua au theluji. Alikiweka nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, akaketi ibada nzima mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Kanisa letu lilikuwa dogo. Tulipanga chumba cha chini cha kanisa la Wamarekani hapo Takoma Park, na ibada yetu ilianza saa nane mchana, wenyewe wakishaondoka. Tulikuwa Wakenya wengi wa bara, Watanzania wachache, na Wakongomani waliozidi kuongezeka kila mwezi. Sisi Wakenya tulimwita Mwelekezi, kwa kuwa ndivyo tunavyomwita mtu anayeongoza kazi ya filamu. Watanzania walituambia neno sahihi ni mwongozaji. Wakongomani hawakutaka ubishi, wakamwita Papa Sinema, na hilo ndilo alilolipenda mwenyewe.

Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Nilisoma chuo cha Biblia nyumbani Ukambani na kufundisha ukatekista miaka mingi, lakini riziki yangu ya huku ilikuwa kupokea magari katika maegesho ya hoteli moja huko Alexandria. Mwelekezi alikuwa Mjerumani, na hakuwahi kujifunza kuendesha gari, nami nilikuwa na Toyota kuukuu. Nikawa dereva wake, halafu mkalimani wake, halafu, nilivyodhani, rafiki yake. Namshukuru Mungu kwa kila mtu aliyemleta mlangoni kwangu. Kwa huyu nashukuru pia, ila shukrani yake huniwia chungu mdomoni.

Alisema aliletwa kwetu na sauti. Alikuwa akingoja basi Jumapili moja, akasikia kwaya kupitia dirisha lile dogo lililo sawa na ardhi, basi likaja likaondoka bila yeye. Alikuwa amealikwa kufundisha katika chuo kimoja mjini. Walimu wenzake waliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba ni mtu mkubwa ambaye hajawahi kupendwa. Alitengeneza filamu tangu ujana wake, na watu wa nchi yake waligawanyika juu yake: wengine wakasema ana kipaji kisicho na kifani, wengine wakasema ni mtu katili mwenye kamera. Yeye alisema wote wanaelekea kuwa sahihi.

Aliniambia habari za filamu ile iliyoonyeshwa katika jumba kubwa la kwao. Ilikuwa juu ya mjane mwanamume aliyepaka jiko lake rangi upya kila asubuhi, filamu ya saa mbili nzima, wala hapakuwa na muziki. Nusu ya watu walitoka kabla haijaisha. Yeye alisimama mlangoni akawapa mkono mmoja mmoja na kuwashukuru.

"Uliwashukuru kwa nini?" nikamwuliza.

"Anayetoka ameona kitu. Aliyebaki huenda amelala."

Hakutumia waigizaji. Alisema mwigizaji ni mtu aliyekwisha kulia nyumbani akaja kazini na mfano wa machozi. Hakuandika hadithi mapema. Karatasi, alisema, ni maficho ya waoga. Wakati mmoja matajiri waliogharimia filamu yake walimlazimisha kuandika, naye akaandika kurasa mia, akazifungia ndani ya mkebe wa biskuti, akapiga picha bila kuufungua hata siku moja. Matajiri wale hawakurudi.

Kile kiti cha jikoni nacho kilikuwa chombo chake cha kazi. Kamera yake haikuwekwa juu zaidi ya macho ya mtu aliyekikalia. "Mungu wako anatazama kutoka juu," aliniambia, "na polisi anatazama akiwa amesimama. Mimi nataka kuona kama mtu aliyeambiwa akae angoje." Tena hakupenda kupiga picha za nyuso. Alipiga migongo. Alikuwa na msemo juu ya hilo ambao niliurudia kwa watu wengi kwa kujivuna, kana kwamba ni wangu: "Uso umesomeshwa tangu utotoni. Mgongo haujapelekwa shule."

Mke wangu hakuvutiwa. "Huyo mzungu wako," alisema, "anakula ugali kama fundi anayetengeneza saa." Ilikuwa kweli. Aliukata kwa kisu vipande vya mraba, akavipanga ukingoni mwa sahani. Lakini mke wangu alipolazwa hospitali wiki tatu, ni Mwelekezi aliyefika kila siku, kwa mabasi mawili, nami nikiwa kazini. Aliketi kando ya kitanda akamsomea gazeti la Kijerumani tangu ukurasa wa kwanza hadi matokeo ya mpira. Mke wangu hakuelewa neno. Alicheka hadi mshono ukamuuma, na muuguzi akamwomba mgeni apunguze habari. Theluji ilipoanguka, aliizoa kwenye ngazi za wajane wawili wa mtaa wake kabla ya ngazi zake, na yeye ndiye aliyeteleza kwenye zake akavunjika kidole. Kwa hiyo sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Ingekuwa hivyo, ningemaliza habari zake kwa mstari mmoja.

Alibishana nami juu ya Mungu kila safari, hasa tukivuka daraja la mto. Hakuamini. Lakini kwaya ikiimba alilia waziwazi, bila kufuta uso. Nikamwambia machozi yake yanaamini. Akasema, "Macho yangu ni mali ya kazi. Usiyabatize."

Mwaka wa pili aliomba kutengeneza filamu juu ya kanisa letu. Wazee tulikaa tukaomba, tukakubali. Siku ya kwanza ya kazi aliniuliza garini, "Nikitaka mtu arudie, nasemaje kwa lugha yenu?"

"Tena," nikamwambia.

Akalirudia njia nzima. Hakuniuliza tunasemaje tukitaka mtu aache, nami sikufikiri kumwambia.

Neno hilo likawa mchezo wa kanisa zima. Kwaya iliimba ubeti mmoja mara tisa, na kila mwisho sauti yake ilitoka nyuma ya kamera, pole kabisa: "Tena." Mama mmoja wa sauti ya kwanza akamwambia, "Papa Sinema, mbinguni tutafika tumechoka." Vijana walisogeza sahani zao kwenye chakula cha pamoja wakasema "tena" kwa lafudhi yake. Hata watoto wetu, ambao husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, walilichukua hilo moja. Tulicheka sana mwaka huo.

Kwangu alikuwa na sharti moja. "Mkalimani ni dirisha," alisema. "Dirisha halina maoni." Nililipenda sharti hilo. Ninyi ambao hamjawahi kushinda kutwa mkipokea funguo za magari ya watu wasiowatazama usoni, hamwezi kujua utamu wa kuitwa dirisha na mtu mkubwa, mbele ya kanisa lako, huku umevaa suti.

Kulikuwa na mama Mkongomani aliyetoka upande wa Uvira, tukimwita Mama Furaha kwa jina la binti yake mkubwa. Alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Katika kukimbia vita alipoteza mume na watoto wawili wadogo njiani, na hakuwahi kulisema jambo hilo kanisani. Tulilijua kama yanavyojulikana mambo ya namna hiyo. Mwelekezi aliniomba nimwulize kama angelisema mbele ya kamera. Nilidhani atakataa. Badala yake akaniuliza kama atapigwa picha ya uso.

"La. Mgongo tu."

"Mugongo yangu ndiyo ilibebaka batoto," akasema. "Ni sawa, aione. Lakini mara moja, muzee. Nitaje majina yao mara moja, yawe fasi moja mu hii inchi. Kisha bintu biishe." Fasi, kwa Kiswahili cha kwao, ni mahali, na bintu ni vitu.

Nikamwambia Mwelekezi masharti hayo. Akatikisa kichwa kukubali. Namshuhudia kwa haki: nilimwambia kwa haraka, tukiwa tunapakua vyombo, na sikumlazimisha anijibu kwa mdomo.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mama Furaha aliketi kwenye kile kiti cha jikoni, ameelekea ukuta, kitenge cha bluu mabegani. Kamera ilikuwa nyuma yake. Mimi nilisimama pembeni, mahali alipoweza kuniona akigeuza shingo kidogo. Akasema habari yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, akataja yale majina mawili. Treni ilipita nje, sauti ikaharibika.

"Tena," Mwelekezi akasema.

Mama Furaha alinitazama. Nikamweleza habari ya treni. Akarudia. Mwelekezi akaniambia kwa Kiingereza kwamba mabega yake yanajilinda mno. "Tena, Mama." Akarudia mara ya tatu, na kabla hajafika kwenye majina akakatika. Akageuza shingo upande wangu.

"Muzee," akasema, "mi siweze tena."

Kila msomaji wa Kiswahili ameelewa. Mwelekezi hakuelewa. Katika maneno yale yote alilijua moja tu, lile la mwisho. Nilimwona akiinua kidole kwa furaha na kunong'ona, "Umesikia? Anataka mwenyewe." Kisha akasema kwa upole kuliko siku zote, "Ndiyo, Mama. Tena."

Ningeweza kusema sentensi moja. Kwa Kiingereza ina maneno manne. Lakini taa ya kamera ilikuwa ikiwaka, na mimi nilikuwa dirisha, na moyoni nilijua, kama alivyojua yeye, kwamba kinachokuja sasa kitakuwa kikubwa. Nikanyamaza.

Mama Furaha alinisubiri. Nimehesabu baadaye, alinisubiri kwa pumzi tatu. Alidhani nimeyafikisha maneno yake kwa macho au kwa ishara, na kwamba mzungu ameyasikia na kukataa. Akageukia ukuta akaanza upya. Alipofika kwenye jina la kwanza mgongo ule ulivunjika. Sina neno jingine. Ulishuka kama ukuta wa udongo unaoshuka mvuani, upande mmoja, kisha mwingine. Jina la pili halikutoka kabisa.

Mwelekezi hakusema tena.

Miezi ilipita. Aliniletea kaseti ya video ili nimwandikie tafsiri ya maneno ya chini ya picha. Nilifanya kazi hiyo mezani kwangu, nikisimamisha na kurudisha nyuma. Alikuwa ameziacha zile mara za kwanza na kuanza na maneno yale: *Muzee, mi siweze tena.* Sauti yake mwenyewe ikifuata. Nafasi ilikuwa hapo, tayari, ya kuandika ukweli. Niliandika nukta tatu. Aliponiuliza, nikamwambia mama alikuwa anavuta pumzi.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa chuo mjini. Kanisa lilikuja lote, tumevaa kama siku ya arusi. Mbele walikaa walimu na wanafunzi, sisi katikati, na Mama Furaha upande wa ukuta na binti yake. Kipande kile kilipofika, sauti yake ilijaa ukumbi. Chini ya picha zikatokea nukta zangu tatu. Kisha sauti ya Mwelekezi: "Ndiyo, Mama. Tena." Wamarekani wa mbele hawakusikia kitu. Watu wetu walisikia. Sikumwona hata mmoja akimtazama Mwelekezi. Mstari kwa mstari waligeuka wakanitazama mimi.

Halafu mgongo ukavunjika, na mbele wakaanza kulia. Filamu ilipokwisha walisimama wakapiga makofi muda mrefu. Mama Furaha alikuwa ameshatoka. Safari hiyo Mwelekezi hakuwa mlangoni kumpa mkono anayetoka.

Tulipofika nyumbani mke wangu aliketi ukingoni mwa kitanda. Akavua kilemba akakikunja. "Ulikuwa umesimama wapi?" akauliza.

"Pale pembeni."

"Karibu?"

"Karibu."

Akakiweka kilemba kabatini akazima taa.

Mama Furaha aliacha kwaya, kisha akaacha kanisa. Alihamia Temple Hills, karibu na mama mzee aliyekuwa akimtunza kikazi. Nilimfuata huko baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa kama mhubiri: nilieleza habari ya Mwelekezi, jinsi asivyojua lugha yetu, jinsi alivyolidaka neno moja la mwisho na kukosea. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai.

"Ye hakujua," akasema. "We ulijua, muzee."

Nikamwomba msamaha kwa jina langu, bila kumtaja mwingine. Akasema atamwachia Mungu, kwa maana yeye hana nguvu ya kuubeba. Kisha akasema, "Mwambie aitoe. Ile fasi tu. Zingine abaki nazo. Batoto bangu hawakukufa ili batu bapige makofi."

Nilikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mwelekezi, nikampata jikoni akikaza waya wa mguu wa kiti. Nikamwambia yote. Nikamfundisha sarufi niliyopaswa kumfundisha siku ya kwanza: neno lilelile, likitanguliwa na kukataa, maana yake hugeuka, halisemi rudia, lasema imetosha, nguvu zimekwisha. Nikamwambia na habari ya nukta tatu. Nikamwomba akate.

Akanirudisha mara mbili kwenye maneno yenyewe, akiyasema pamoja nami polepole: siweze tena, siweze tena. Nilidhani yanamwingia.

"Ungeniambia siku ile," akasema mwisho, "ningezima kamera. Naapa kwa chochote unachotaka. Na filamu isingekuwapo."

"Basi kata."

"Hapana. Mgongo ule si wake tena, wala si wangu." Kisha akaweka mkono begani mwangu, na kwa Kiswahili chake akasema, "Asante."

Nimesemwa vibaya na watu maishani. Nimeitwa mtumwa na mlevi mmoja aliyeleta gari hotelini. Hakuna neno lililonichoma kama asante ile. Alikuwa ananishukuru kwa moyo wake wote, kama mfanyakazi mwenzake. Nikatoka. Sikumwendesha tena. Kile kiti cha jikoni hakikuonekana nyuma ya kanisa, na hakuna aliyeuliza.

Majira ya baridi mawili yalipita. Mwalimu mmoja wa chuo alinipigia simu kusema Mwelekezi amepata kiharusi, amepooza upande wa kulia, lugha zote zimemwacha, na katika karatasi zake namba yangu ndiyo iliyoandikwa kama ya mtu wa kuitwa. Ndugu alikuwa hana. Mke wangu akanipa koti. "Nenda," akasema. "Kwangu alikuja wiki tatu."

Makao yale ya wagonjwa hayakuwa mbali na kanisa. Mhudumu wake alikuwa dada Mkenya, mchangamfu, aliyenijua kwa lafudhi kabla sijamaliza kusalimu.

"Kumbe mzee ni wetu! Unamjua huyu? Aki ya Mungu ananishangaza. Hana Kiingereza, hana Kijerumani, lakini ana Kiswahili. Neno moja tu. Kila kitu ni tena."

"Tena?"

"Tena. Namletea chai, tena. Naongeza, tena. Siku ya kwanza alikunywa vikombe vinne, maskini, tukabadilisha shuka. Na mazoezi anayapenda huyo! Wengine hulia wakisimamishwa. Yeye anasema tena, namwambia mama wa mazoezi hiyo ni *again*, anamrudisha. Ame-improve sana."

Nilimkuta kwenye chumba cha mazoezi, kati ya vyuma viwili virefu vya kushikilia. Yule mama wa mazoezi, Mmarekani, alikuwa mbele yake, dada nyuma akimshika mkanda wa kiunoni. Nilimwona kwa nyuma kwanza. Fulana imelowa. Alipiga hatua moja, mguu wa kulia ukiburutwa, kisha ya pili. Akatoa sauti.

"Unasikia?" dada akaniambia kwa furaha. "Tena."

Lakini nilikuwa nimesikia kitu kabla ya neno lile. Pumzi ndefu kati ya meno, kama mtu anayeanza neno asilolifikia: ssss. Akasema mara nyingine. Ssss, tena. Mama wa mazoezi akatabasamu akarudi nyuma hatua moja ili amwite upya.

Mwelekezi akageuza shingo kidogo, akaniona nimesimama pembeni.

"Mwache," nikamwambia dada. Kisha nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo sijaitumia hata madhabahuni, ili yule mama naye asikie: "Hawezi tena. Amekuwa akisema hivyo tangu mwanzo."

Dada aliziba mdomo kwa mkono. Wakaleta kiti cha magurudumu, wakamketisha. Ile ya kwanza peke yake ilitosha: sentensi moja, maneno manne ya Kiingereza. Nilimfanyia mgeni asiyeamini kile nilichomnyima dada yangu katika imani, na haikuwa vigumu hata kidogo, na hilo ndilo nitakaloulizwa.

Nikachutama mbele yake. Filamu haijakatwa, chuo bado huionyesha kwa wanafunzi, na mtu wa kuikata hakuwa tena na mkono wa kuishika. Sikumtajia. Nilimfundisha lile neno alilosahau kuniuliza siku ya kwanza garini.

"Basi," nikamwambia. "Mtu akitaka kuacha, kwetu husema basi."

Alinitazama mdomo. Midomo yake ikakutana, ikaachana, bila sauti. Akajaribu mara ya pili, jasho likimtiririka. Kisha akafumba macho.

"Tena," akasema.

Nikamwambia tena, "Basi."